Ngozi Mbili Nilizopeleka Bahi

Nimebeba vitu vingi kichwani katika maisha yangu: kuni, maji, uwele, mawe ya kusagia, na mara moja cherehani ya mke wa bwana stesheni, ambaye alinifuata nyuma njia nzima kwa kuogopa nitaiangusha. Uzito wa vitu hivyo vyote nimeusahau. Lakini kuna ngozi mbili za ng'ombe nilizozipeleka Bahi zamani za Mjerumani, na hizo shingo yangu inazikumbuka hadi leo. Ya kwanza ilikuwa ya uongo, ikapokelewa kwa heshima zote. Ya pili ilikuwa ya kweli, ikatiliwa shaka. Kati ya hizo mbili nilipoteza nyumba niliyokuwa niolewe, na mtu niliyekuwa niolewe naye. Watu husema mtu huzoea. Mimi sijazoea.

Mtu asiye Mgogo akisikia kwamba baba yangu alikuwa na ng'ombe, atadhani walilala katika zizi letu hapa Makole. Wengi hawakulala hapa. Walikuwa Bahi, kwa rafiki yake, mwendo wa siku mbili kwa miguu kufuata jua linakotua, na ng'ombe wa huyo rafiki walikuwa kwetu. Ndivyo watu wetu walivyofuga. Ugonjwa ukiingia Makole, wako wa Bahi wanabaki. Mvua ikikosekana Bahi, mwenzako wa huko bado ana maziwa huku. Maziwa yalikuwa ya anayechunga na ndama walikuwa wa mwenye ng'ombe. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, na sikumbuki mtu aliyeona ajabu juu ya hilo.

Ng'ombe wa mwenzako akifa, unamchuna, nyama unakula wewe na watoto wako, na ngozi unampelekea mwenyewe. Unaipeleka pamoja na masikio, kwa sababu kila ukoo ulikuwa na namna yake ya kuchanja masikio ya ng'ombe. Ngozi inakunjwa manyoya yakiwa ndani. Anayeipokea anaiweka pembeni, anakupa maziwa, anakuuliza habari za nyumbani. Haikunjui mbele yako. Kuikunjua mbele ya aliyeileta ni kumwita mwizi, tena mwizi wa rafiki yake. Ataikunjua baadaye, siku atakayotaka kitu cha kulalia, na ataona masikio yale yale aliyojua kwamba atayaona.

Mama alifariki nikiwa sijaota meno ya pili, nikalelewa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane mwenye mdomo uliojulikana kuanzia Ihumwa mpaka mbuga ya Bahi. Kila baada ya mavuno alinichukua kwenda Bahi kusalimia. Mimi nilimwita yule rafiki wa baba Baba wa Bahi, naye aliniita mkwe tangu nikiwa mdogo wa kupakatwa, kwa maana yeye na baba walikwisha kupatana kwamba nitaolewa na mwanawe. Siku hizi wasichana wakisikia hivyo wananionea huruma. Wasinionee. Mimi nilikuwa nikiihesabu miezi kwa vidole.

Mchumba wangu alikuwa mrefu, mweusi, mwenye mwanya, na alikuwa mtani kupindukia. Mwaka wa mvua nyingi, Bahi yote ikiwa maji, alinitolea kambale wa kuchoma. Sisi wa Makole samaki tulikuwa hatuwajui. Nikamwona yule mnyama ana masharubu, nikasema sili kitu chenye masharubu. Akaniambia, "Basi na mimi nikiota masharubu utanikimbia?" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Nikala. Tangu siku hiyo nikawa nakula kambale kila nikienda, na alikuwa akinitolea miiba kwanza, akijifanya haoni kwamba namtazama. Najua ni jambo dogo. Mimi nina watoto na wajukuu, nimezika mume mwema, na bado harufu ya moshi wa samaki ikipita sokoni nasimama.

Wakati huo reli ilikuwa inakuja kutoka mashariki, na pamoja na reli ndipo tulipoletewa akida. Alikuwa mtu wa boma la Mjerumani, mgeni kwetu, mwenye kanzu safi na sauti ya upole. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi na kutafuta wanaume wa kwenda kubeba udongo kwenye tuta la reli. Nataka niseme haki: mwanzoni hakuomba kitu. Alikaa barazani kwake, akaita majina, basi. Mtu mmoja, sijui nani, ndiye aliyempelekea kuku wa kwanza. Pengine alikuwa anamkaribisha mgeni tu. Lakini mwezi ule mtu huyo hakuitwa kwenye tuta, na watu wakaanza kupiga hesabu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zamani jambo la watu wote lilisemwa mbele ya watu wote, wakagombana mchana kutwa, wakamaliza, wakala pamoja. Sasa kila mtu akaanza kwenda kwa akida peke yake, akizunguka nyuma ya vichuguu asionekane. Siku moja jirani yetu wa upande huu na jirani yetu wa upande ule walikutana huko nyuma ya kichuguu, kila mmoja akiburuta mbuzi. Mmoja akasema anampeleka mbuzi wake kwa beberu. Mwenzake akasema, "Ah, na mimi pia." Wakaongozana kimya kimya hadi kwa akida, na mmoja wa mbuzi wale, tulimwona kwa macho yetu, alikuwa beberu mwenyewe.

Tulicheka sana. Sasa sicheki, maana nimeshaelewa. Wale wawili hakuna aliyewaomba mbuzi. Kila mmoja alitoa kwa kudhani mwenzake ameshatoa, na alipokutana naye njiani akawa na hakika. Akida hakuwa na kazi ya kutisha watu. Sisi wenyewe tuliogopana, na hofu yetu ndiyo iliyomnenepesha. Alipoona hivyo, akaacha kungoja na akaanza kuchagua mwenyewe.

Kwetu alikuja asubuhi, na askari wawili. Shangazi hakuwapo, alikuwa Ihumwa akimwuguza wifi yake. Nilikuwa natwanga uwele uani. Akida alisema anamtaka kaka yangu kwa kazi ya tuta. Kaka yangu alikuwa na kifua kibaya tangu utotoni. Alikuwa akikohoa hata kwa kuimba. Baba akasema, "Bwana akida, mwanangu ana kifua."

"Kifua si neno," akasema akida kwa ile sauti yake ya upole. "Huko kwenye tuta kuna hewa nzuri." Kisha akatazama zizini. "Ng'ombe wako wamependeza, mzee. Yule mtamba mwekundu hasa."

Mtamba yule hakuwa wa baba. Alikuwa wa Baba wa Bahi, amezaliwa kwetu na mama aliyetoka kwao. Tena Baba wa Bahi alikwisha kusema kwamba huyo atakuwa katika mahari yangu, hivyo hana haja ya kusumbuliwa kwa safari. Siku ikifika atahama umiliki tu, akiwa amesimama pale pale. Nilimwona baba akifungua kinywa aseme huyu si wangu. Akakifunga. Leo najua ni kwa nini. Angesema huyu si wangu, akida angeuliza ni wa nani, na wako wewe wako wapi. Boma lilikuwa halijui ng'ombe wetu wamelala kwa nani, na siri hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yetu sote. Pengine pia alijiambia kwamba mtamba ni wa mahari, ni kama wake tayari. Alinyamaza. Askari akamfunga mtamba kamba ya shingo, akamtoa akiwa hai, anatafuna, nami mchi ukiwa mkononi. Kaka hakwenda kwenye tuta.

Nasema yote haya nikijua kwamba ningekuwa mimi ningefanya vile vile. Kumtoa mtamba halikuwa kosa kubwa la baba. Angekwenda Bahi akamwambia rafiki yake, ndugu yangu, nimebanwa, nimemtoa mtamba wako nimwokoe mwanangu, mambo yangekwisha kwa kibuyu kimoja cha pombe. Alikaa siku tatu anazunguka zunguka nyumba. Siku ya nne akaenda kwenye kambi ya wajenzi wa reli, ambako walichinja ng'ombe kila siku, akarudi na ngozi nyekundu isiyo na doa, isiyo na kichwa. Akaipaka majivu, akaikunja, akaifunga kwa kamba. Shangazi aliporudi kutoka Ihumwa, baba akamwambia mtamba alikufa usiku, na fisi walimla kichwa kabla watu hawajaamka.

Mimi hakuniambia kitu. Hakusema nidanganye. Alinitwika tu ngozi kichwani, akaiweka vizuri isinielemee upande mmoja, akasema, "Nendeni salama." Alijua nilikuwapo natwanga. Mpaka anaingia kaburini hatukuwahi kulizungumza.

Tukalala njiani kwa ndugu, kesho yake jioni tukafika. Shangazi akapiga hodi ya kwetu, "Mbukwenyi!", nao wakaitikia kwa furaha wote pamoja, watu wa nyumba ile walikuwa hawajui kuitikia kwa sauti ndogo. Baba wa Bahi akanishusha ngozi kichwani mwenyewe. Shangazi akamweleza habari ya fisi. Unajua alisema nini? Alitupa pole sisi. Akasema, "Mpeni pole ndugu yangu. Kufiwa na ng'ombe uliyemchunga kwa mkono wako ni vibaya kuliko kufiwa na wako." Akaiweka ile ngozi ndani nyuma ya mlango bila kuitazama. Kisha akanigeukia mimi: "Mkwe, usihuzunike. Wa mahari nitatafuta mwingine."

Nilitaka ardhi inimeze. Jioni ile walileta kambale na sikuweza kula. Asubuhi yake mchumba wangu alinikuta ukingoni mwa mbuga, shangazi akiaga, na akasema, "Leo umenyamaza. Umeanza ukwe mapema?" Nikacheka. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale, tuko wawili tu, upepo unavuma, hakuna mwingine wa kusikia. Lakini lilikuwa neno la kumvua nguo baba yangu mbele ya watu nitakaoishi nao, na nilijiambia nitamwambia nikishaolewa, tukiwa na nyumba yetu. Nilikuwa nafikiri siku zipo tele.

Baada ya hapo baba akabadilika. Alikuwa mtu wa kuamini kila anayebisha hodi. Sasa ikawa hapiti msafiri wa kutoka magharibi bila kuulizwa. Yule rafiki yangu wa Bahi mmemwona? Anakwenda kwa akida wa upande ule? Ng'ombe wake wanaandikwa au hawaandikwi? Wasafiri nao ni wasafiri, wanajibu kinachopendwa na anayewapa chakula. Jioni baba anakaa na majibu yao, anayapanga. Shangazi alikuwa akimwambia, "Wewe una nini na yule mtu? Amekukosea nini?" Nilijua mimi. Baba alikwisha kuona kwa macho yake jinsi mtu mwema anavyonyamaza na kuachia mali ya rafiki yake iende, kwa kuwa mtu huyo alikuwa ni yeye. Sasa alimwona kila mtu akiwa amesimama zizini vile vile, kinywa kimefungwa.

Na si baba peke yake. Mwaka ule watu walianza kuwarudisha ng'ombe wao. Walikuwa wanapita njia kuu ya hapa Makole, makundi madogo madogo, mmoja anakwenda kuchukua wake Ihumwa, mwingine anatoka kuchukua wake kwa shemeji yake. Ukiwauliza, wanasema malisho. Malisho yalikuwa pale pale. Kila ng'ombe aliyerudi kwa mwenyewe alionekana na akida, kwa hiyo kodi ilipanda, kwa hiyo mbuzi wa nyuma ya vichuguu wakazidi, kwa hiyo watu wakazidi kuogopana.

Ikawa msimu uliofuata ng'ombe mwingine wa Baba wa Bahi alikufa kwetu, na huyu alikufa kweli. Alikuwa mzee, mwenye madoa, akashindwa kuzaa. Baba alikesha naye, mkono wake wote ukiwa ndani anajaribu kumgeuza ndama, na alipokufa alilia. Lakini asubuhi nilimwona ana uso mwepesi ambao sikuuona mwaka mzima. Alimchuna kwa uangalifu sana. Masikio aliyaacha kamili, akayanyoosha, akayakunja yawe juu, mahali ambapo mtu akiifungua kidogo tu atayaona. Akatupa na paja la nyama iliyokaushwa tulipeleke, jambo ambalo si desturi. Nadhani aliona ngozi hii ya kweli itaifuta ile.

Bahi tulikuta nyumba imenyamaza. Waliitikia "mbukwenyi" mmoja mmoja. Baba wa Bahi alikuwa amekonda. Huko kwao pia kulikuwa na akida wao, na jirani yake alikuwa amechapwa viboko barazani kwa sababu mtu fulani alisema ana ng'ombe mahali pengine. Mtu fulani huyo hakujulikana, na kijiji kizima kilikuwa kinatazamana. Nilishusha ngozi mwenyewe. Shangazi akaeleza: alikuwa anazaa, ndama alikaa vibaya, tumejaribu. Nyumba nzima ilikuwapo, na mchumba wangu amesimama mlangoni.

Baba wa Bahi aliitazama ile ngozi kwa muda. Kisha akainama, akafungua kamba, akakanyaga upande mmoja kwa mguu, akavuta. Ilikuwa imekakamaa kwa jua la siku mbili, ilitoa sauti. Masikio yakatokea, alama zake zote mbili ziko wazi.

Yeye mwenyewe alionekana kama ameamka usingizini na kukuta mkono wake umempiga mtu. Akasema polepole, "Haya ni masikio yangu." Halafu akauliza, "Na yale mengine?"

"Yapi mengine?" shangazi akasema, sauti inapanda. "Yale yaliliwa na fisi, ulikwisha kuambiwa!"

Hakumtazama shangazi. Alinitazama mimi. Alikuwa na macho ya mtu anayebembeleza. Sasa nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, naelewa kwamba alikuwa ananiomba. Ningesema neno moja tu, la ndiyo au la hapana, angalau tungejua tunagombana juu ya nini. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

Shangazi akasimama. Aliyoyasema siwezi kuyarudia yote; alisema ameishi mpaka nywele nyeupe hajaona nyumba inayokunjua ngozi mbele ya wageni wake, na kwamba kama ndugu yake ni mwizi basi hapa hapakuwa na binti wa kuoa, maana atakuwa binti wa mwizi. Alikuwa na haki ya kukasirika. Hakujua. Tuliondoka bila kunywa maziwa. Mchumba wangu alitufuata kwa mbali mpaka mbuga inapokwisha, akasimama hapo. Niligeuka mara mbili. Mara ya tatu shangazi akanishika kichwa akakigeuza mbele.

Baba aliposikia alikasirika kuliko shangazi. Alikasirika vibaya, akivunja vitu. Niliwahi kumchukia kwa hasira ile, sasa simchukii. Mtu aliyekuwa na deni la aibu alipewa bure sababu ya kuwa yeye ndiye aliyeonewa, na aliikumbatia. Akatuma ujumbe kwamba ng'ombe warudishwe pande zote mbili, na kwamba uchumba umekufa.

Ng'ombe walibadilishwa katikati ya njia. Nilikwenda, ingawa sikuitwa. Wao walileta wetu, sisi tulipeleka wao. Ng'ombe hawakuelewa. Wale waliokuwa wetu hawakutujua, na wale wa kwao tuliowalea waligeuka kila hatua kumi wakitulilia. Baba alisimama huku, Baba wa Bahi kule, hawakusalimiana. Walikuwa wametahiriwa mwaka mmoja, watu wale. Yeye, mchumba wangu, alikuwa nyuma ya kundi lao, vumbi likawa jingi, nikaona fimbo yake tu.

Na kaka yangu, aliyeokolewa na mtamba? Akida yule alihamishwa. Aliyekuja baada yake hakujua habari ya mtamba wala hakuwa na sababu ya kuijua, akamwita kaka kwenye tuta msimu huo huo. Alirudi, lakini hakuishi sana.

Reli ikafika, stesheni ikajengwa, nikaolewa na mtu wa stesheni, mpole, asiyeuliza mengi. Nilimpenda kwa namna yake. Shangazi akafa. Baba akafa. Kisha ikaja vita ya Wadachi, ndio Wajerumani, na Waingereza, na boma likaanza kukusanya wapagazi. Waliletwa stesheni kutoka kila upande, wanakaa chini kwa mistari wakingoja kupangiwa mizigo, na sisi wanawake wa karibu tulikuwa tukiwapelekea maji. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Nikainama kumpa mtu maji, akasema, "Mkwe," neno alilokuwa akiniita baba yake.

Alikuwa ameota masharubu. Sijui kama alikumbuka utani wake. Hakusema, na mimi sikusema. Alikunywa, akarudisha kata, akamwangalia mtoto, akasema ni mzuri. Nikamwuliza habari za baba yake.

"Alikufa na ile njaa ya juzi," akasema. "Mpaka mwisho alikuwa akimtaja baba yako."

Nikamwambia wangu naye amekufa.

Akatazama nyuma yake. Askari alikuwa bado upande ule wa mstari. Akasema, "Baba alijua, unajua. Ile ngozi ya kwanza aliikunjua wiki ile ile mliyoondoka. Ilikuwa na alama ndogo ya moto ya kambi ya reli, hapa ubavuni. Mama alitaka kelele, baba akamkataza. Alisema, ndugu yangu ana shida, atakuja mwenyewe aniambie, nami nitamwambia mtamba alikuwa wake hata hivyo. Akawa anangoja. Kila mtu akipita njiani alikuwa akinyanyuka kutazama. Badala yake ikaja ngozi nyingine."

Mtoto akaanza kulia, nikamtikisa.

"Wote nyumbani walisema na wewe ulijua," akasema. "Nikagombana nao. Nikasema yule angejua angeniambia mimi, pale ukingoni mwa mbuga, tulikuwa wawili tu." Akainua macho. "Ulijua?"

Filimbi ilipigwa. Watu wakaanza kusimama. Nilikuwa na mume, na mtoto, na miaka imepita; hapakuwa na baba wa kumficha tena wala mahari ya kuharibika. Hapakuwa na kitu chochote cha kupoteza, na bado nilisema, "Sikujua."

Uso wake ulifunguka. Akacheka, na ule mwanya ukaonekana. Akasema, "Niliwaambia," kisha akajitwika mzigo wake akaingia mstarini, na aligeuka mara moja kunipungia mkono, mtu aliyefurahi kabisa.

Hakurudi kutoka kwenye vita ile. Nimeuliza kwa wote waliorudi. Mpaka leo natamani ningempata kwa muda wa kunywa kata moja ya maji tu, nimwambie nilijua.